Wajumbe wa Shah Abbas

Katika lugha yetu twasema kwamba mjumbe hauawi. Maana yake, wewe msomaji, waijua: mwenye kuchukua neno la mtu mwingine hana hatia kwa neno lenyewe, na ajaye na habari chungu hustahili heshima sawa na ajaye na habari tamu. Lakini methali hii haikutaja hatari nyingine zimpatazo mjumbe, nazo ni nyingi: baridi, bahari, upungufu wa fedha, wivu wa wenzake, na ile hatari isiyosemwa sana, kwamba aweza kukaa ugenini hata asijue tena kwao ni wapi. Nataka kukusimulia habari za tume moja iliyotoka Uajemi, nchi iitwayo Irani siku hizi, mwaka 1599 kwenda kwa wafalme wa Ulaya. Ilichukua barua nzuri, zawadi za thamani na shauri lenye akili. Karibu yote hayo yalipotea njiani, wala si adui aliyeyapoteza.

Mwenye kuituma tume hiyo alikuwa Shah Abbas wa Kwanza. Alizaliwa mwaka 1571 akatawazwa angali kijana wa miaka kumi na sita, na ufalme aliourithi ulikuwa umedhoofika sana. Mashariki Wauzbeki walikuwa wamechukua miji yake; magharibi Waturuki wa Kiosmani, dola yenye nguvu kupita zote za jirani, walikuwa wamemnyang'anya Tabriz na nchi nyingi za kandokando yake. Abbas alijua kwamba hawezi kupigana pande mbili kwa wakati mmoja. Basi mwaka 1590 alifanya jambo lililomchoma moyo: alitia mkono mapatano na Sultani wa Istanbuli, akakubali kumwachia nchi zote alizokwisha kuziteka. Watu wengi waliona haya kuwa fedheha. Yeye aliona kuwa ni muda wa kupumua. Akaugeukia upande wa mashariki, na mwaka 1598 akawashinda Wauzbeki na kuurudisha mji wa Herat. Sasa aliweza kutazama magharibi.

Huko magharibi, nyuma ya mgongo wa Mturuki, walikuwako wafalme wa Kikristo waliokuwa na kisa chao na Sultani huyo huyo. Rudolf wa Pili, Kaizari wa Wajerumani, alikuwa akipigana naye katika nchi ya Hungaria tangu mwaka 1593. Ukiitazama ramani utaliona shauri la Shah mara moja. Waturuki walikuwa katikati. Kaizari akipiga upande mmoja na Shah upande wa pili, jeshi la Sultani litagawanyika mara mbili. Tena kulikuwa na hariri. Hariri ya Uajemi ilipendwa sana Ulaya, lakini ilipita katika nchi za Waturuki, na kila ilipopita ilitozwa ushuru, hata ikawa Shah anamtajirisha adui yake kwa mali yake mwenyewe. Akipata njia nyingine ya kuiuza, atamwondolea Sultani mapato hayo bila kupiga risasi.

Shauri la namna hii halikuwa jipya. Shah Ismail, baba wa babu yake Abbas, alikuwa amekwisha kumwandikia Kaizari Charles wa Tano habari za kuungana. Ugumu haukuwa katika kulifikiri jambo bali katika kulifikisha. Ile nchi ya adui iliyowafanya wafalme hawa wawe marafiki ndiyo iliyowatenga wasiweze kusemezana. Kumbuka kwamba zama zile hapakuwa na simu wala ubalozi wa kudumu kati ya Isfahan na Prague. Mfalme aliyetaka kunena na mfalme wa mbali alitafuta mtu, akamtia neno lake kinywani na barua yake mkononi, akamtuma. Kisha akangoja, pengine miaka mitatu, pengine minne, bila kujua kama mtu huyo yu hai. Kwa hiyo kumchagua mjumbe lilikuwa jambo zito kuliko kuiandika barua yenyewe.

Na hapo ndipo kosa lilipoingia.

Mnamo Desemba 1598 aliwasili Qazvin Mwingereza mmoja, Sir Anthony Sherley, pamoja na ndugu yake mdogo Robert na wafuasi wapatao ishirini na tano. Alikuwa mtu wa sura nzuri, mwenye ulimi mtamu na madeni mengi. Elizabeth wa Kwanza, Malkia wa Uingereza, hakumtuma. Kwa kweli alikuwa amewahi kumfunga kwa kosa la kupokea cheo cha heshima kutoka kwa mfalme wa Ufaransa bila ya idhini. Sherley alifika Uajemi kama mfanyabiashara afikavyo soko asilolijua, akitazama ni bidhaa gani inayotakiwa. Akaona kwamba inayotakiwa ni njia ya kuwafikia wafalme wa Ulaya, naye akasema anayo. Shah alimpenda upesi, akamkalisha karibu naye na kumpa zawadi nyingi. Ni vyepesi kwetu kumcheka Shah leo, lakini angejuaje? Hapakuwa na mtu katika baraza lake aliyeweza kumwambia huyu mgeni ana sifa gani kwao.

Ikaamuliwa kwamba tume iende. Balozi wa Shah alikuwa Husain Ali Beg, mtu wa ukoo wa Bayat. Alifuatana na waungwana wanne, miongoni mwao mpwa wake Ali Quli Beg na kijana mmoja jasiri aliyeitwa Uruch Beg, ambaye jina lake nakuomba ulitie moyoni. Walikuwako watumishi kumi na watano, wakalimani watano, mapadre wawili wa Kireno, na Sherley pamoja na Waingereza kumi na watano. Ngamia thelathini na wawili walibeba zawadi. Barua zilikuwako kwa Papa wa Roma, kwa Kaizari, kwa Mfalme wa Hispania, kwa Malkia wa Uingereza na kwa watawala wengineo. Robert Sherley, aliyekuwa na umri wa miaka kama kumi na minane tu, aliachwa Uajemi awe dhamana ya kurudi kwa kaka yake. Kaka yake hakurudi asilani.

Sasa angalia lile kosa. Husain Ali Beg alikuwa na barua ya kumtambulisha kuwa balozi wa Shah. Sherley naye alikuwa na barua ya kumtambulisha kuwa mjumbe wa Shah. Je, nani mkubwa na nani mdogo? Mwajemi alidhani kwamba Mwingereza ni kiongozi wa njia na mjuzi wa desturi za kule waendako. Mwingereza alidhani, au alipenda wengine wadhani, kwamba yeye ndiye balozi na Mwajemi ni shahidi wake tu. Wazee walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walitakiwa kukaa pamoja si katika zizi tu bali katika merikebu, katika mtumbwi na katika gari la theluji, kwa muda wa miaka miwili.

Waliondoka Isfahan mwezi wa Julai 1599. Kwa kuwa hawakuweza kupita katika nchi za Waturuki ilibidi wazunguke kaskazini. Walivuka Bahari ya Kaspi, ambako dhoruba ziliwarudisha nyuma mara kwa mara, wakafika Astrakhan, wakapanda mto wa Volga hata wakawasili Moscow mwezi wa Novemba. Mtu aliyezoea jua la Isfahan aliuona mto uligandapo ukawa barabara ya kupita farasi. Mtawala wa Urusi, Boris Godunov, alimpokea Husain Ali Beg kwa heshima ya balozi, lakini Sherley akamtweza. Alimweka nyuma ya Mwajemi, akamtia katika maulizo, na barua zake zikachunguzwa. Sherley akampiga mmojawapo wa wale mapadre kwa hasira. Walizuiliwa huko miezi kadhaa, na walipopewa ruhusa ya kuondoka, majira ya kuchipua ya mwaka 1600, walikuwa kundi moja kwa jina tu.

Walipofika katika bandari ya Arkhangelsk, mwisho wa Urusi upande wa bahari ya baridi, likatokea jambo ambalo Waajemi hawakulisahau. Zawadi za wafalme zilikuwa katika masanduku thelathini na mawili. Sherley alimshauri balozi kwamba merikebu yao ilikuwa ndogo, haifai kubeba mali kama ile, na kwamba afadhali masanduku yapakiwe katika chombo kingine cha Kiingereza yapelekwe mbele, watayakuta Italia. Husain Ali Beg akakubali. Waajemi hawakuyaona masanduku yale tena. Baadaye walimshitaki Sherley kwamba aliyauza kwa wafanyabiashara wa Kiingereza pale pale bandarini. Yeye alikana. Mimi sioni sababu ya kumsadiki mtu ambaye maisha yake yote alikopa asilipe. Lakini hata ukimsadiki, bado balozi wa mfalme mkubwa alikuwa akielekea kwa wafalme mikono mitupu, na desturi za zama zile ziliifanya zawadi kuwa nusu ya maneno.

Waliizunguka nchi ya Norwei kwa bahari, wakashuka Emden katika Ujerumani, na katika vuli ya mwaka 1600 wakaingia Prague. Hapo ndipo safari ilipokaribia sana kuzaa matunda. Kaizari Rudolf alikuwa ndiye hasa mtu waliyemtaka, mwenye vita na Waturuki na mwenye haja ya msaada. Aliwapokea kwa fahari, akawalipia gharama zao, akawasikiliza. Wakakaa kwake majira yote ya baridi. Hakukataa shauri la Shah. Aliahidi kumtuma mjumbe wake mwenyewe aende Uajemi na majibu. Februari 1601 wakatoka kuelekea Italia.

Venice haikutaka kuwaona. Mji ule uliishi kwa biashara ya bahari, na biashara hiyo ilitegemea urafiki wa Sultani. Siku hizo hizo mjumbe wa Sultani alikuwako mjini. Wakubwa wa Venice wakaomba radhi kwa maneno laini, na tume ikapita mbali. Jambo hili linafundisha kitu ambacho Shah hakuambiwa na Sherley: hapakuwa na Ulaya moja ya kuungana nayo. Palikuwa na wafalme na miji mingi, kila mmoja na hesabu zake, na wengine hawakuona haja ya kumchukia Mturuki aliyewanunulia bidhaa zao.

Mwezi wa Aprili waliingia Roma, na huko ugomvi uliokuwa ukifukuta tangu Moscow ukawaka moto mbele ya macho ya watu. Ni nani aingie kwanza kwa Papa? Ni nani akae mkono wa kulia katika maandamano? Wewe waweza kuona kwamba hili ni jambo dogo la watu wenye kiburi. Sivyo. Aingiaye kwanza ndiye sauti ya Shah. Yule wa pili ni mfuasi. Papa Clement wa Nane aliposhindwa kuwapatanisha, aliwapokea mbalimbali, kila mmoja siku yake. Fikiria hali ya Papa: watu wawili wamekuja kwake kutoka kwa bwana mmoja, kila mmoja asema mwenzake si kitu, na mmoja amshitaki mwenzake kwa wizi wa zawadi ambazo yeye Papa alikuwa apewe. Angemjibu yupi? Sherley, alipoona mambo yanamgeukia, aliondoka Roma kwa siri. Baadaye aliwatumikia mabwana wengine, hata mfalme wa Hispania, asirejee Uajemi kutoa hesabu.

Husain Ali Beg sasa alikuwa peke yake, mwenye barua zisizosomwa na zawadi zisizokuwako, katikati ya watu asiojua lugha yao. Watatu katika wafuasi wake walimwacha Roma wakaingia dini ya Kikristo. Yeye akaendelea na safari. Alipita Genoa na kusini mwa Ufaransa, akafika Valladolid, uliokuwa mji wa mfalme wa Hispania, mwezi wa Agosti 1601. Philip wa Tatu alimkaribisha vema. Wakati huo mfalme wa Hispania ndiye aliyekuwa mfalme wa Ureno pia, kwa hiyo ngome zote za Wareno zilikuwa chini yake, kuanzia Hormuz, mlangoni mwa Ghuba ya Uajemi, hata Mombasa, ambako Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593. Basi mfalme yule alikuwa jirani wa Shah ijapokuwa nyumba zao zilikuwa mbali, na jirani mwenye kukalia mlango wa nyumba ya mwenziwe hawi rafiki mwepesi.

Huko Hispania mpwa wa balozi, Ali Quli Beg, alianza kuhudhuria makanisa kwa ajili ya kutazama, kisha akatangaza kwamba anataka kubatizwa. Haikuwa haya ndogo kwa mjomba wake. Balozi akafunga safari kwenda Lisbon ili apande merikebu ya Wareno na kurudi kwao. Njiani, katika mji wa Mérida, watu walijazana kuwatazama Waajemi, na katika msukumano ule mtu mmoja akamchoma kisu mwanachuoni wa tume, aliyekuwa akiwasalisha, akafa. Methali yetu haikumlinda. Uruch Beg alirudishwa Valladolid kumdai mfalme haki kwa damu ile. Alimkuta Ali Quli amevaa nguo za Kihispania na kufundishwa dini. Na Uruch Beg, aliyekwenda kudai haki ya Mwislamu aliyeuawa, akabadili dini naye.

Wote wawili walibatizwa huko Valladolid, Mfalme na Malkia wakiwa wadhamini wao. Ali Quli akaitwa Don Felipe, na Uruch akaitwa Don Juan wa Uajemi. Mwenzao wa tatu, Buniyad Beg, aliwafuata akaitwa Don Diego. Ikiwa walivutwa na imani, au na ukarimu wa mfalme, au na uchovu wa njia, au na hofu ya yale yatakayowapata nyumbani baada ya tume kuvunjika, hayo yalikuwa ndani ya nyoyo zao. Lakini gharama yake yajulikana. Uruch Beg alikuwa ameacha mke na mtoto wa kiume katika Uajemi. Siku ile alipopewa jina jipya aliufunga mlango wa kurudia kwao.

Husain Ali Beg aliagana na Ulaya katika Lisbon mwaka 1602. Katika waungwana wanne aliotoka nao, watatu walibaki Hispania.

Je, barua zile zilileta nini? Rudolf alitimiza ahadi yake. Mwaka 1602 alimtuma mjumbe, Stephan Kakasch, apite njia ile ile ya Moscow na Kaspi. Kakasch alifika Uajemi akafa kwa maradhi kabla ya kumwona Shah. Mwandishi wake, Georg Tectander, aliendelea na barua, akamkuta Shah mwishoni mwa mwaka 1603 katika mji wa Tabriz. Tazama vizuri jina la mji huo. Ni ule ule aliouachia Sultani mwaka 1590. Shah Abbas alikuwa amengoja jibu miaka minne. Lilipochelewa aliinua jeshi lake mwenyewe akautwaa mji kwa nguvu zake. Barua ya Kaizari ilimkuta amekwisha kufanya kazi iliyoombwa na barua. Na mwaka 1606 Kaizari akafanya amani na Waturuki huko Zsitvatorok, bila ya kumshirikisha mwenzake wa mashariki, akamwacha Shah peke yake vitani.

Shah hakuacha kutuma watu Ulaya, lakini hakuwatazama tena kwa jicho lile la kwanza. Mwaka 1609 alimtuma Dengiz Beg kwa mfalme wa Hispania, pamoja na mzigo wa hariri. Huyu aliporudi mwaka 1613 Shah aliamuru auawe. Katika mashtaka yake lilikuwako hili, kwamba aliwatendea wenzake kwa ukatili hata baadhi yao wakabadili dini na kubaki Ulaya. Huenda Shah aliwakumbuka wale watatu wa Valladolid alipolisema. Hivyo Dengiz Beg aliyasalimika mataifa ya kigeni akafia kwa bwana wake. Kuhusu Hormuz, maneno hayakutosha: mwaka 1622 jeshi la Shah, likisaidiwa na merikebu za Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India, liliwafukuza Wareno. Tangu hapo nguvu za Wareno katika bahari yetu zilizidi kupungua. Waarabu wa Omani waliwatoa Maskati mwaka 1650, na Fort Jesus ikaanguka mikononi mwao mwaka 1698.

Yabaki habari za Uruch Beg. Huko Valladolid aliandika kwa Kiajemi habari za nchi yake, za vita vya Shah, na za safari yote tangu Isfahan, na padre mmoja akamsaidia kuzitia katika Kihispania. Kitabu kilipigwa chapa mwaka 1604. Ndani yake amewasifu wafalme waliompokea, kama apasavyo mgeni alaye chakula chao. Lakini asimuliapo vita alivyopigana Uajemi, na baba yake aliyeuawa katika vita hivyo, utamwona ni Mwajemi tena. Mwaka uliofuata, 1605, aliuawa katika ugomvi wa usiku njiani mjini Valladolid, hana hata miaka hamsini. Sehemu kubwa ya haya niliyokusimulia, tangu wale ngamia thelathini na wawili hata yale masanduku, yajulikana kwa sababu yeye aliyaandika.